Mfa Maji Naye Ana Haki ya Kusikizwa



Kwetu Ekalakala, mto ni jirani asiyeaminika. Tangu 1981, lilipokamilika bwawa la Masinga linalokusanya maji ya Tana na Thika, watu wa sehemu hizi wameishi kando ya maji mengi. Mtu akifa maji, mambo huenda upesi: chifu huarifiwa, askari hufika, neno “ajali” huandikwa kitabuni, na jamaa hupewa ruhusa ya kuzika. Kisha kimya.

Hatusemi kwamba ajali haipo. Mto hufurika kwa mvua ya milimani hata pale ambapo halikudondoka tone. Tunauliza tu: ni nani aliyeamua kuwa ni ajali, na aliamua mbele ya nani?

Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, katika vifungu vya 386 na 387, imemtaka polisi apatapo habari ya kifo cha namna hiyo amjulishe hakimu. Aliyefia mikononi mwa polisi, hakimu hana budi kumchunguzia kifo chake. Kwa wengine, sheria yasema hakimu “aweza” kufanya hivyo. Katika neno hilo moja wamezama wengi kuliko mtoni. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya taifa ya wachunguzi wa vifo, lakini miaka ikapita bila afisi hiyo kufunguliwa.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowachukua wanakwaya na waumini wenzao kwenda harusini lilizama katika mto Enziu, Mwingi, likijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na mafuriko. Waliokufa walizidi 30. Nchi nzima iliona picha, na wengi wakamtupia lawama dereva, ambaye naye alikuwa maiti asiyeweza kujibu. Lakini picha haisemi kwa nini daraja lilijengwa chini kiasi kile, wala ni nani aliyepaswa kuifunga njia siku ile. Maswali hayo huulizwa kwa kiapo, mlango wa mahakama ukiwa wazi.

Atasema mtu kwamba uchunguzi wa mahakama hauna faida. Na amkumbuke Padre John Kaiser, aliyekutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha, Agosti 2000. Hakufa maji, ni kweli. Wapelelezi wa Marekani walisema alijiua. Kanisa halikukubali. Uchunguzi wa hadharani ulianza 2003, na Agosti 2007 hakimu akaamua kuwa padre aliuawa. Bila mashahidi wale kusikizwa, neno la kwanza ndilo lingebaki kitabuni.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za haki na amani za makanisa yetu zisiishie kwenye matanga. Mtu akifa maji, mwandamane na jamaa hadi kituoni, mchukue nambari ya taarifa iliyoandikwa, mdai maiti ipasuliwe na daktari, na mwandike majina ya walioona wangali wanakumbuka. Kisha mwandikieni hakimu mkimwomba aufungue uchunguzi. Barua haihitaji kuwa ndefu, lakini imfikie kabla kaburi halijachimbwa.