Mvua ikikatika Ifakara, neti isikunjwe

Shule zimefungwa na Ifakara imeanza kupendeza. Masika yametuachia bonde la kijani, matope ya mitaani yamekauka, na asubuhi kuna kibaridi kinachowafanya watoto wagome kuoga. Mzazi ukiniuliza mwezi gani mzuri wa kumtoa mtoto matembezini, nitakujibu Juni bila kusita.

Aprili ni habari nyingine. Aprili hapa kwetu kila mtu anauliza Mto Lumemo umefikia wapi. Ukifurika, maji huingia mitaani na kuchanganyika na ya vyooni, na mzazi anashinda akiwafukuza watoto kwenye madimbwi. Sasa mto umeshuka na tunapumua.

Jumamosi jioni nilimpeleka mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 7, kwenye Daraja la Magufuli. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya kivuko tunaliona daraja kama zawadi. Yeye amezaliwa akalikuta, maana lilizinduliwa 2018. Alihesabu mitumbwi, akahesabu yangeyange wakirudi kulala, kisha akanivuta mkono. "Mama mdogo, lile gogo mbona linatembea?" Mvuvi mmoja mzee akamjibu kabla yangu: "Mjukuu wangu, gogo halina masikio." Alikuwa kiboko. Tuliangalia kutoka juu ya daraja, na huko juu ndiko pa kuangalilia. Ukingoni mwa Kilombero kuna mamba, na maji yaliyotulia yenye majani yana konokono wa kichocho. Kuogelea hapo si matembezi.

Aliniuliza pia kama tutamwona sheshe. Nilikosa jibu zuri. Bonde hili kwa miaka mingi lilisifika kuwa na sheshe wengi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na tangu 2002 ni ardhioevu inayotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Lakini mashamba na mifugo vimesogea, sheshe wamepungua, na watoto wetu wanamjua zaidi simba wa kwenye televisheni. Kwa mwenye nauli, Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, mtoto anaweza kuona mbega wekundu bila kutembea sana. Maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, yasubiri miguu ikomae.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Juni ya mwaka jana mtoto huyuhuyu alikwenda shambani kwa bibi yake kuamia ndege. Mpunga ulikuwa umeiva, akalala usiku tano kwenye dungu, akarudi mweusi kwa jua na mwenye furaha. Neti ilibaki nyumbani. Hakuna aliyeisahau, tuliona mvua zimekwisha, mbu gani tena? Siku ya 9 tangu arudi akapata homa. Tukasema ni baridi ya Juni, tukampa panadol. Siku mbili nzima tulimpa panadol, na katika hao "tulio" nilikuwemo mimi ninayelipwa kuandika habari za afya. Usiku wa tatu akashikwa na degedege. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, dada yangu amempakata, mimi nyuma nikimshikilia miguu. Alikuwa na malaria. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini ule usiku dada yangu hauzungumzii hadi leo.

Kosa letu lilikuwa kuamini kwamba mbu wa malaria huondoka na mvua. Wapo wanaopenda madimbwi ya mvua na majaruba, ni kweli. Lakini hapa bondeni yupo Anopheles funestus, ambaye watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamemfuatilia kwa miaka na kukuta kwamba ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi. Huyu hutaga kwenye maji yanayodumu: mabwawa, vijito, kingo za mto zenye majani. Mvua ikikatika, makazi yake bado yapo, na yeye huendelea kuwa mwingi wakati sisi tunakunja neti. Huuma usiku hadi karibu na kupambazuka, saa mtoto aliyechoka kuamia ndege amelala fofofo.

Jambo la pili ni hesabu ya siku. Malaria haianzi kesho yake. Kwa kawaida homa huja siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa, pengine zaidi, na kufikia hapo familia imeshasahau shamba. Kwa hiyo mtoto akipata homa ndani ya wiki hizo, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu alilala wapi. Akipewa dawa mseto, azimalize siku zote 3 hata kama kesho yake anacheza mpira. Akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akilegea au kushikwa na degedege, usingoje kuche.

Kufunga neti kwenye dungu nako kuna kazi yake, nakiri. Paa ni fupi na upepo unapita kila upande. Bibi ametufundisha: funga kamba nne kwenye fito za paa, ishushe kabla jua halijazama, pindo zote zikandamizwe chini ya mkeka. Ya duara inayoning'inia kwa kamba moja haifai pale, inapeperuka.

Keshokutwa anakwenda tena. Neti ameikunja mwenyewe, kaiweka kwenye begi juu ya mpira wake, na jana usiku alimpigia bibi simu kumwambia kamba zile za mwaka jana asizifungie mbuzi.