STAA, FIGO "KUNG'AA" SIYO SIFA!

Wadau wa Butimba na Mwanza nzima, leo nina donge rohoni. Majina siyataji, mnawajua wenyewe. Ni wale mastaa wetu wanaotangaza chupa za "kusafisha figo". Biashara ni biashara, ila sasa mtu anaposti chupa, pembeni kaweka picha ya ultrasaundi: "Oneni figo zangu zinavyong'aa!"

Dada yangu, nani kakudanganya? Kwenye ultrasaundi, figo iking'aa kuliko ini, daktari hashangilii. Anaanza kuuliza maswali, maana inaweza kuwa dalili ya ugonjwa.

Tuelewane. Ultrasaundi inatumia mawimbi ya sauti kuonyesha umbo: ukubwa wa figo, mawe, uvimbe, au figo iliyojaa maji kwa sababu mkojo umeziba njiani. Kama figo inachuja vizuri au la, picha peke yake haisemi. Hilo utalijua kwa kupima kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo. Presha na kisukari vinaweza kuanza kuzila figo kimyakimya, na picha ikatoka safi kabisa.

Mtasema nina wivu. Semeni. Mnajua kwa nini inaniuma? Kwa sababu mkoa wetu una kichocho. Kule Misungwi, Kwimba na Magu, watoto wanaoga kwenye madimbwi na kukanyaga majaruba ya mpunga. Mtoto akikojoa damu, wapo wanaoona ni kawaida, "atakua tu". Kumbe mayai ya minyoo yanaacha makovu kwenye kibofu na mirija ya mkojo, mkojo unarudi juu, figo zinajaa maji. Hapo ndipo ultrasaundi ina kazi ya maana! Tatizo likiwahiwa, vidonge vya prazikwanteli vinaua minyoo na madhara yanaweza kupungua. Sasa huyo mama akimpa mtoto chupa yako ya majani miezi 6, nani atamrudishia figo? Na baadhi ya hiyo mitishamba yenyewe inaharibu figo.

Figo zikifa, maneno ya mtandaoni yanaisha. Ni kusafishwa damu kwenye mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila safari. Kupandikiza figo hapa nchini kumeanza Muhimbili mwaka 2017, na lazima apatikane mtu wa kukupa yake. Nani kati yenu mastaa atajitolea?

Kama kweli mnawapenda mashabiki, posti moja tu inatosha: "Nendeni mkapime presha, sukari, damu na mkojo. Picha muacheni daktari aisome." Hospitali ya Nyamagana iko hapahapa Butimba, Bugando nayo siyo mbali.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nimekosea wapi?