Tamko la Wafugaji na Wauzaji wa Vyakula vya Mifugo Kihurio kuhusu Chakula cha Mbwa cha Dukani

Sisi wafugaji na wauzaji wa vyakula vya mifugo wa kata ya Kihurio, wilaya ya Same, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wananchi wa kata yetu na wa tambarare yote ya mashariki ya Milima ya Upare, na kwa wenye maduka ya pembejeo wanaotuhudumia. Jambo lenyewe ni chakula cha mbwa kinachotoka viwandani: kipimwe kwa kigezo gani, na nani awajibike kinapokuwa kibovu.

Tunajua wapo watakaotucheka. Mbwa wa kwetu amezoea ukoko wa ugali na maji ya dagaa, na hajawahi kulalamika. Lakini ndiye anayelala shambani mahindi yakikomaa, ndiye anayewatimua nyani na nguruwe pori, na usiku anakesha zizini. Siku hizi mifuko ya chakula kikavu imeshafika huku kutoka Same mjini na Moshi, na wapo wanaoinunua kwa ajili ya watoto wa mbwa au jike anayenyonyesha. Aliyetoa fedha yake ana haki ya kujua amenunua nini.

Msimamo wetu ni kwamba chakula cha mbwa kihukumiwe kwa malighafi yake na kwa hali ya malighafi hiyo. Picha ya mbwa mnene kwenye mfuko haihusiki, wala bei.

Kuhusu maandishi ya nyuma ya mfuko, mnunuzi aanze na orodha ya viambato. Katika nchi nyingi kanuni inataka viambato viorodheshwe kwa uzito, kizito kuliko vyote kikitangulia. Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza ni maji. Mtengenezaji akiandika "kuku" mwanzoni, amempima akiwa mbichi, na kuku mbichi ni maji kwa takriban asilimia 70. Kilo 10 zikikaushwa zinabaki kama kilo 3. Huenda mahindi yaliyoandikwa katika nafasi ya pili ndiyo yanayoujaza mfuko. Kwa hiyo unga wa nyama au unga wa samaki, ambao umeshakaushwa kabla ya kupimwa, unaweza kuwa na nyama halisi nyingi kuliko neno "kuku" lenye kuvutia. Mtego wa pili ni kugawanya: mahindi, pumba za mahindi na gluteni ya mahindi huandikwa kila kimoja peke yake ili kila kimoja kionekane kidogo. Vijumlishe, uone kama havikuipita nyama.

Hatusemi mahindi ni sumu kwa mbwa. Mbwa wa kufugwa ameishi na binadamu muda mrefu, na uwezo wake wa kusaga wanga ni mkubwa kuliko wa mbwa mwitu wa Ulaya na Asia aliotokana nao. Wanasayansi waliionesha tofauti hiyo katika vinasaba mwaka 2013. Mahindi yaliyoiva vizuri anayatumia. Tunachokataa ni kuuziwa mahindi kwa bei ya nyama.

Baada ya viambato, tazama takwimu. Kwa vipimo vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo Marekani, mbwa mkubwa anahitaji protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula kikiondolewa maji, na mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba asilimia 22.5. Maneno "kikiondolewa maji" yana uzito. Kopo lililoandikwa protini asilimia 8 na unyevu asilimia 78 linaonekana hafifu, kumbe ukitoa maji protini inafika asilimia 36. Tazama pia nyuzinyuzi na majivu. Maganda ya mpunga yakisagwa yakaitwa pumba, nyuzinyuzi zitapanda. Sisi tunaolima mpunga hapa tunalijua vizuri ganda hilo, halimlishi hata ng'ombe. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga wakasagwa pamoja nao, majivu yatapanda.

Hata hivyo takwimu ya protini inaweza kudanganya. Maabara nyingi hazipimi protini yenyewe. Zinapima naitrojeni kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, kisha zinazidisha kwa 6.25. Mwaka 2007 wafanyabiashara wa China walitia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye naitrojeni nyingi, katika unga wa ngano uliopelekwa viwanda vya chakula cha wanyama Marekani Kaskazini. Karatasi za vipimo zilionesha protini safi, na figo za paka na mbwa zikaharibika. Ndiyo sababu hatukubali kwamba namba moja inatosha. Jina la malighafi, jina la mtengenezaji na tarehe lazima viwepo, ili pakiharibika ajulikane wa kuulizwa.

Sasa tuje kwenye hili linalotuhusu zaidi, nalo ni sumukuvu. Mwishoni mwa mwaka 2020 chakula cha mbwa chenye mahindi, aina ya Sportmix, kiliondolewa sokoni Marekani, na kufikia Januari 2021 mamlaka za huko zilikuwa zimepokea taarifa za vifo vya mbwa zaidi ya 110. Kilikuwa na viambato vinavyofahamika na mifuko iliyofungwa vizuri. Orodha haikuwa na kosa. Mahindi yenyewe ndiyo yalikuwa yameingia kuvu. Moto wa kiwandani unaua kuvu, ila sumu yake kwa sehemu kubwa inabaki. Sumu hiyo hiyo iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Mbwa aliyeila hukataa chakula, hutapika, macho na fizi huwa za njano, mkojo huwa mweusi, kisha ini hushindwa kazi.

Kwetu yako mazoea ambayo tunayalaani bila kuuma maneno. Mahindi yakiloa ghalani, yakatoa ukungu wa kijani, mama anayachagua, mazuri yanakwenda mashineni, na mabaya "apewe mbwa." Mengine yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa wasaga vyakula vya mifugo. Anayefanya hivyo asidhani sumu imeishia kwa mnyama: ng'ombe akilishwa pumba zenye sumukuvu, sehemu yake inatoka kwenye maziwa ambayo mtoto atayanywa. Mahindi yenye kuvu yafukiwe au yachomwe.

Kwa hiyo tunawataka wauzaji, wakiwemo wanachama wetu wenyewe, waache kupima chakula cha mbwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi. Gunia likifunguliwa, tarehe na orodha vinabaki kwa muuzaji. Mteja anaondoka na mfuko wa rambo usio na jina. Mafuta yake yanaoza kwa joto la tambarare, na unyevu unaingia. Mwenye duka asiyeweza kuuza mfuko mzima auze mifuko midogo iliyofungwa kiwandani, au aache bidhaa hiyo.

Asiyenunua chakula cha dukani hana sababu ya kuona aibu. Ugali wa unga mzuri na dagaa waliooshwa mchanga ni bora kuliko mfuko wa kubahatisha. Utumbo, mapafu na maini vichemshwe hadi viive, na vyenye malengelenge ya maji vifukiwe kabisa, kwa sababu mbwa akivila vibichi hupata minyoo ambayo mayai yake humwingia mtu na kuota uvimbe wa ini au mapafu.

Mbwa mwenye njaa huzurura, na jirani yetu ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Kati ya Desemba 2000 na Februari 2001 ugonjwa wa distempa uliua mbwa mwitu wa Afrika 49 kati ya 52 waliokuwa wakitunzwa humo ili wazaliane. Ugonjwa huo huwapata mbwa wa nyumbani pia. Kumlisha mbwa vizuri hakuchukui nafasi ya chanjo ya distempa wala ya kichaa cha mbwa, na mfuko wowote unaodai "kinga" usiaminiwe.

Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Na. 13 ya mwaka 2010, ipo. Tunaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Same ituletee mkaguzi wa vyakula vya mifugo huku tambarare, achukue sampuli madukani na kwenye mashine za kusaga, azipeleke Maabara ya Veterinari Tanzania, na majibu yabandikwe hadharani kwenye ofisi ya kata. Mwananchi atakayeona mbwa wake ameugua baada ya kubadilisha chakula asiutupe mfuko. Auhifadhi pamoja na kilichobaki ndani yake, na ampelekee afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.