Kitendawili Chenye Jibu Moja: Fasihi Simulizi, Mtihani na Ubunifu Siakago

Limezoeleka dai kwamba shule za Kenya zinashindwa kukuza ubunifu na stadi za kutatua matatizo kwa sababu ya uhaba wa vifaa. Dai hili hutolewa kwa sauti ya juu zaidi panapozungumziwa maeneo makavu kama Siakago, katika nchi ya Wambeere, Kaunti ya Embu: maabara ni chache, vitabu ni vichache, na mvua haitabiriki. Makala haya yanalipinga. Uhaba upo, lakini sio chimbuko la tatizo. Chimbuko ni kwamba shule iliuchukua utanzu ambao jamii ilikuwa imeutumia kwa vizazi kuwafunza watoto kuwaza, ikauondolea fumbo, kisha ikaurudisha darasani ukiwa fasili ya kukaririwa. Katika kosa hilo wahakiki wa fasihi wanayo sehemu yao, tena si ndogo.

Kitendawili ni mfano ulio wazi. Mwanafunzi wa shule ya upili hufunzwa kukifasili, kutaja sifa zake, kuorodhesha dhima zake na kueleza hatua za uwasilishaji wake. Anaweza kupata alama zote bila kutega wala kutegua kitendawili hata kimoja. Lakini utegaji wenyewe ni shule kamili. Anayetega anasema, “Nyumba yangu haina mlango.” Jibu lililozoeleka ni yai. Tuseme mtoto wa Siakago anajibu kwamba ni kibuyu ambacho hakijatobolewa. Mbele ya hadhira hai atatakiwa kulitetea jibu lake, naye ataeleza kwamba kibuyu kina kuta, kina wakazi ndani ambao ni mbegu, na hakina pa kutokea mpaka mtu akitoboe. Hadhira itaukubali utetezi huo au itaukataa, lakini itatoa sababu. Na iwapo ameshindwa kabisa, atatakiwa kutoa mji, kisha aambiwe jibu. Kushindwa kuna gharama, ila gharama hiyo hununua maarifa. Mbele ya mwongozo wa kusahihisha, mtoto yuyo huyo hupata sufuri, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Yamkini atatokea msomi wa kusema kwamba hata katika jamii majibu mengi ya vitendawili yamefungwa na mapokeo, na kwamba watoto waliyakariri. Hilo ni kweli kwa kiasi. Hata hivyo, kila jibu la mapokeo liliwahi kuwa jibu jipya, na kila kizazi kilitunga vitendawili kuhusu vitu ambavyo wazee hawakuvijua. Mapokeo hayakuwa ukuta. Yalikuwa kizingiti ambacho jibu jipya lilipaswa kukivuka kwa hoja. Shule imekibakiza kizingiti na kuiondoa hoja.

Siyo sahihi vilevile kudhani kwamba sanaa simulizi ya Wambeere ilikuwa mchezo wa jioni tu. Wakati wa kupima na kusajili ardhi, ambapo milki za koo zilianza kugeuzwa kuwa hatimiliki, masimulizi ya nasaba na uhamaji yalikuwa ushahidi. Mwanaanthropolojia Jack Glazier, katika kitabu chake kuhusu ardhi na matumizi ya mapokeo miongoni mwa Wambeere kilichochapishwa mwaka 1985, alionyesha jinsi mapokeo yalivyotumiwa katika mivutano hiyo. Msimulizi hakuwa kasuku wa mambo ya kale. Alikuwa mtu anayekabili tatizo jipya kabisa, la sheria na la riziki, kwa zana alizorithi. Pengine wapo waliozitumia zana hizo kwa hila. Hilo nalo ni hoja ya kumfunza kijana kuyapima masimulizi badala ya kuyameza. Hali kadhalika, David Brokensha na Bernard Riley walikusanya ujuzi mpana wa wenyeji kuhusu mimea ya Mbeere na matumizi yake. Ujuzi wa aina hiyo haukupatikana kwa kukariri peke yake, bali kwa kujaribu, kukosea na kusimuliana.

Ni nini basi kilichotokea? Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu jijini Nairobi ivunjwe, na fasihi simulizi ipewe nafasi katika kitovu cha masomo ya fasihi. Mkutano wa mwaka 1974 kuhusu ufundishaji wa fasihi katika shule za Kenya uliufikisha mjadala huo kwa walimu. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ushindi huo ulipatikana katika maudhui na kupotezwa katika mbinu. Fasihi simulizi iliingia shuleni. Utegaji, ubishi na hukumu ya hadhira vilibaki nje ya lango.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikamilisha kazi hiyo. Uliletwa kwa ahadi ya kujitegemea na stadi za mikono, na kwa upande mmoja uliipa Kiswahili heshima ya kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Lakini katika mtihani wa darasa la nane hata sanaa na ufundi zilipimwa kwa kuchagua herufi moja kati ya nne. Mtoto aliyejua kusuka kikapu na mtoto ambaye hakuwahi kushika ukindu walikuwa sawa mbele ya A, B, C na D. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuonya mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, juu ya elimu inayotawaliwa na mtihani na inayomfanya kijana adhani kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni. Onyo hilo lilinukuliwa sana katika insha za wanafunzi wa ualimu, kisha likajibiwa mitihani.

Mtaala wa umilisi, uliotangulizwa kwa majaribio mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeutaja ubunifu kwa jina lake, pamoja na uwazaji kina na utatuzi wa matatizo. Mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Haya ni mabadiliko ya kupongezwa. Hata hivyo, kubadili jina la lengo si kubadili tendo la darasani. Wazazi wengi wamelalamikia miradi inayowalazimu kununua vifaa, kana kwamba ubunifu ni bidhaa ya dukani. Kitendawili hakihitaji karatasi ya rangi wala gundi. Kinahitaji mwalimu asiyeogopa jibu ambalo hakulitarajia.

Hapa ndipo lawama inaporudi chuoni. Nani huandika miongozo ya vitabu teule inayomwambia mwanafunzi dhamira ni tano na sifa za mhusika ni sita? Nani humfunza mwalimu kwamba kuhakiki ni kuorodhesha? Mhakiki anayelaumu shule kwa kukaririsha, ilhali yeye mwenyewe ndiye mtungaji wa orodha zinazokaririwa, anailaumu ndoo kwa maji aliyoyatia.

Wanaoutetea mtihani wana hoja moja nzito, nayo ni haki. Jibu moja, husema, humlinda mtoto wa Siakago dhidi ya upendeleo. Hapimwi kwa lafudhi yake wala kwa mfuko wa babake. Hoja hii haistahili kubezwa. Lakini haki hiyo ina upungufu, maadamu mwenye kuchagua jibu hilo moja huwa na ulimwengu wake, na ulimwengu huo aghalabu hauna vibuyu. Haki kamili ni kupima utetezi wa jibu: je, limeeleza kila sehemu ya fumbo? Je, limekabili pingamizi? Vigezo hivyo vinaweza kuandikwa, kufunzwa na kusawazishwa baina ya wasahihishaji, kama zinavyosawazishwa alama za insha.

Kwa hiyo yafaa idara za fasihi zianze na mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa ualimu akusanye fasihi simulizi ya eneo atakalofundisha, akitumia mikusanyo kama ule wa Ciarunji Chesaina wa mwaka 1997 kuhusu Waembu na Wambeere kuwa mahali pa kuanzia, si pa kukomea. Pili, maswali ya mtihani yamtake mtahiniwa atunge, ategue na atetee, hata pale kitendawili kinapokuwa cha Kimbeere kilichofasiriwa. Tatu, wahakiki waache kuuza miongozo ya majibu wakati wanahubiri ubunifu. Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linagusa mapato; lakini pasipo hilo, mawili ya kwanza yataingizwa katika mwongozo mpya na kukaririwa kabla ya muhula kwisha.