Khabari Imfuate Mkulima Shambani Kwake

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita lilizuka swali ambalo halikupata jawabu, kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kuchwa na watu wa mbali walikuwa na safari. Swali lenyewe ni hili: je, Jarida letu lipelekwe pia kwa barua pepe kwa kila mwanachama atakayeandikisha jina lake, au libaki kupigwa chapa na kugawiwa matawini tu, kama ilivyo desturi yetu? Baadhi ya wazee walisema kwamba hayo ni mambo ya vijana wa mjini. Sisi tulioaminiwa kazi ya kuliandika Jarida hili twaona yafaa tutoe maoni yetu mapema, ili kila mtu apate kuyapima nyumbani kwake kabla hatujakutana tena.

Kwanza tukiri kosa letu. Mwaka jana tangazo la kuongezwa muda wa kuandikisha mikopo ya kuchumia lilitoka katika ukurasa wa kwanza wa Jarida hili, na lilipigwa chapa kwa wakati wake. Lakini furushi la tawi moja lilikaa dukani siku 12, limefungwa kamba yake vile vile, kwa kuwa mchukuzi wake alikuwa ameuguliwa. Mwanachama mmoja wa tawi hilo, akidhani kwamba muda umekwisha na wachumaji wanataka fedha, akakodisha mikarafuu yake yote kwa bei aliyopewa. Msimu ulipokwisha, faida ilikuwa ya mkodi, na mwenye shamba akabaki na majani. Ndugu yetu huyo hakutulaumu. Alituuliza neno moja tu: "Kwani khabari hiyo ilikuwako?" Swali hilo limetuuma kuliko lawama.

Msimu uliopita tulipata nafasi ya kwenda Bara, katika wilaya za Masasi na Newala, kuwatazama wenzetu wakulima wa korosho. Masasi iko chini, penye majabali makubwa yaliyosimama peke yake. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, na ukisimama pale waliona bonde la Ruvuma lote chini yako. Mtu atasema karafuu si korosho, na sisi karafuu zetu twamuuzia mnunuzi mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kwa bei inayotangazwa. Ni kweli. Lakini hatukwenda kujifunza kuuza. Tulikwenda kutazama jinsi khabari inavyomfikia mwenye mali.

Wenzetu wale hupeleka korosho zao kwenye vyama vya msingi, na vyama huzipeleka katika maghala makuu kwa utaratibu wa stakabadhi za ghala, ulioanza kwao mwaka 2007 baada ya sheria ya mwaka 2005. Juu ya vyama vya msingi viko vyama vikuu: MAMCU kwa upande wa Masasi, na TANECU kwa Newala na Tandahimba. Kisha hufanywa mnada, na bei za wanunuzi husomwa mbele ya wakulima wenyewe, wakubali au wakatae. Mwaka 2024 minada hiyo iliingizwa katika mtambo wa Soko la Bidhaa, TMX, na zabuni zikawa zinafunguliwa kwa kompyuta watu wakitazama.

Kutazama huko si mchezo. Mwezi wa Oktoba 2018 bei za wanunuzi hazikufika shilingi 3,000 kwa kilo, ilhali msimu wa nyuma zilikuwa zimepita 4,000. Wakulima wa Newala na Tandahimba walizisikia kwa masikio yao, wakazikataa. Mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300. Yaliyofuata yana maneno yake, maana wako waliongoja fedha zao kwa muda mrefu. Sisi twataka lizingatiwe jambo moja tu: waliweza kusema "hatuuzi" kwa pamoja kwa sababu walijua kwa pamoja.

Kinyume chake ni kile wenyewe wanachokiita kangomba. Huo ni ununuzi wa kichinichini: mtu huja mpaka mlangoni kwa mkulima kabla korosho hazijafika chamani, akanunua kwa kipimo chake na kwa bei ya chini. Serikali imeukataza mara nyingi, lakini haujafa. Mtu wa kangomba ana mitaji miwili: wa kwanza ni shida ya mkulima, na wa pili ni mkulima kutojua. Shida hatuwezi kuiondoa kwa karatasi. Kutojua twaweza. Na sisi visiwani tusijione tumesalimika. Mwenzetu aliyekodisha mikarafuu yake alinaswa kwa mitaji hiyo hiyo miwili.

Tena tusidhani kwamba kujiandikisha ili uletewe khabari ni jambo geni lililozuka na simu za mkononi. Mwaka 1888, hapa hapa Unguja, skuli ya misheni ya Kiungani ilianza kupiga chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Humo zilitiwa khabari za vituo vya misheni vilivyokuwa mbali, vya upande wa Magila na vya nchi ya Ruvuma, ambako ndiko ziliko Masasi na Newala. Barua za huko zilitembea kwa miguu mpaka pwani, zikavuka bahari, kisha gazeti likarudi kwa njia ile ile. Ikiwa watu wa wakati ule waliona khabari yastahili taabu hiyo yote, sisi tutatoa udhuru gani wa kuiacha siku 12 dukani?

Basi maoni yetu ni haya: Jarida lipelekwe kwa barua pepe kwa kila atakaye. Lakini twaweka masharti, na bila ya masharti haya tutakuwa wa kwanza kulipinga jambo lenyewe.

La kwanza, mwanachama ajiandikishe kwa ridhaa yake. Akishatoa anwani yake, apelekewe barua moja ya kumwuliza kama kweli ni yeye na kama kweli ataka, wala asitiwe daftarini mpaka ajibu. Mtu asiandikwe na jirani yake, wala na Katibu.

La pili, aweze kujitoa siku yoyote, na chini ya kila barua paandikwe namna ya kujitoa. Asiulizwe sababu.

La tatu, daftari la anwani ni amana. Asipewe mfanyabiashara, wala mkopeshaji, wala mtu wa siasa, hata akija na barua nzuri namna gani. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini hata kama isingekuwapo sheria, amana ni amana.

La nne, barua isipelekwe ila pana neno la kusema: bei, kufunguliwa vituo vya kununulia, miche, mikopo, mikutano. Mtu akibishiwa hodi kila saa, mwisho hafungui mlango, na siku ya khabari ya maana itapita naye amelala. Kadhalika ijulikane kwamba barua ya Chama haitamtaka mtu kamwe fedha wala namba yake ya siri. Itakayotaka hayo si yetu.

La tano, na ndilo kubwa, karatasi isikome. Twajua kwamba wanachama wengi, hasa wazee wetu na akina mama wa mashamba ya ndani, hawana anwani ya barua pepe. Khabari yoyote yenye tarehe au fedha ndani yake ibandikwe tawini siku ile ile inayopelekwa kwa barua. Na kila tawi lichague mtu mmoja, kijana au mtu mzima, wa kuipokea na kuisoma barazani baada ya sala ya alasiri, kama wazee wetu walivyokuwa wakisomewa magazeti zamani. Tukiwapa wenye simu khabari leo na wasio nazo wiki ijayo, tutakuwa tumezaa wakodi wapya ndani ya Chama chetu wenyewe.

Wako watakaosema: mbona khabari tayari zazunguka katika makundi ya simu? Zazunguka, lakini kila mkono unaopitia huongeza lake. Bei hupanda njiani na tarehe hupotea, na mwisho hakuna ajuaye nani alisema. Barua itokayo kwa Katibu humfikia mtu nzima, ina jina na siku, na mwaka kesho aweza kuitoa na kutuonyesha tulivyoandika. Nasi twataka tushikwe kwa maneno yetu.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi twasema isiwe hivyo katika Chama hiki: asiyekuwapo naye lake liwepo, na limfuate mpaka shambani. Tafadhalini njooni mkutanoni mkiwa na rai zenu, za kukubali na za kukataa, na tukubaliane kabla vikonyo havijaanza kuiva.

Wassalaam,
Katibu