Nyumba na Sitara: Dirisha Lisilofunguka



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika safu yetu hii ya nyumba. Juma hili tunawaelekea hasa jamaa zetu wa pwani waliohamia bara kwa ajili ya kazi, biashara au ndoa, wakafanya makao yao Kitui, Mwingi, Wote, Makindu, Kibwezi na Emali. Kila wanaporudi Mombasa kutujulia hali, hutuletea malalamiko yale yale: mlango umeshuka, dirisha limeganda, mvua inaingia ndani, vumbi halizuiliki. Tuliahidi kuyajibu, na leo tunaitimiza ahadi.

Kabla ya kuyajibu, tunawaomba mtusikilize kisa kimoja. Mwezi wa Julai uliopita tulikuwa wageni wa jamaa mmoja mjini Wote. Sisi watu wa pwani hudhani kuwa Ukambani kote ni jua na joto, na ndivyo kulivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini Wote na Kitui ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti huwa na baridi asiyoizoea mtu wa Likoni. Huko juu katika vilima vya Mbooni na Kilungu, baridi huzidi. Jioni ile mwenyeji wetu aliingiza jiko la makaa ukumbini, akafunga mlango. Dirisha la chuma lilikuwa halijafunguliwa tangu wahamie, kwa kuwa bawaba zake zilikuwa zimeshikwa na kutu. Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yalikuwa yamezibwa kwa mifuko ya nailoni ili vumbi lisiingie.

Hazikupita saa mbili, mtoto mdogo akalalamika kichwa, kisha mama yake akaona kizunguzungu na kichefuchefu. Tulilitoa jiko, tukaacha mlango wazi, tukawatoa wote nje, na usiku ule ule mtoto akapelekwa hospitali. Alhamdulillah, alipona. Tangu siku ile hatuiti tena dirisha lisilofunguka kuwa ni kasoro ndogo.

Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, na hilo ndilo linalotudanganya. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mwenye kulala nayo chumbani huenda asiamke. Ifahamike vyema kwamba kulifungua dirisha hakulifanyi jiko la makaa kuwa salama ndani ya chumba cha kulala. Mahali pake ni nje. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kufunga milango usiku kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, na akatufundisha pia tusiuache moto ukiwaka tunapolala. Wengi wetu tumeishika nusu ya kwanza ya mafundisho hayo, tukaisahau ya pili.

Sasa tuingie katika matengenezo yenyewe. Wakati mzuri wa kazi hii Ukambani ni Agosti na Septemba, kabla ya mvua za vuli zinazoanza Oktoba, ambazo ndizo mvua za kutegemewa zaidi katika sehemu hizo.

Tuanze na dirisha la chuma, kwa kuwa ndilo lililo katika nyumba nyingi za kupanga. Likiganda, tusilipige kwa nyundo, maana kioo kitavunjika kabla ya kutu kuachia. Tuisugue bawaba kwa brashi ya waya, tuitie mafuta ya mashine, tuyaache usiku kucha, kisha tulisukume na kulivuta taratibu mara nyingi. Mara nyingine kinachozuia ni rangi iliyopakwa juu ya rangi hadi ikagandisha ukingo. Hapo tupitishe kisu butu kuzunguka mpaka wote. Likishafunguka, kutu yote ikwanguliwe, ipakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya mafuta. Kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya bila kukwanguliwa huendelea kula chuma chini kwa chini.

Kioo kikilegea au maji yakipenya pembeni mwake, kosa huwa ni la puti. Puti ya zamani hukauka kwa jua, ikapasuka na kubanduka. Itolewe yote kwa patasi, chuma kisafishwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha utandazwe ukanda mwembamba wa puti mpya kabla ya kukiweka kioo. Kioo kikatwe kikiwa kidogo kuliko nafasi yake kwa milimita 3 hivi, ili chuma kinapotanuka kwa joto kisikivunje. Kibonyezwe kwenye kingo, kamwe si katikati. Puti ya nje isawazishwe kwa mteremko ili maji yatiririke, na iachwe wiki moja hadi mbili ishike kabla ya kupakwa rangi.

Nyumba mpya nyingi zina madirisha ya alumini yanayoteleza. Haya adui yake ni vumbi. Likijaa katika njia ya chini, magurudumu madogo yaliyo chini ya kioo hukwama, na mwenye nyumba huvuta kwa nguvu hadi yakavunjika. Njia hiyo isafishwe kwa brashi kavu kwanza, kisha kwa kitambaa chenye unyevu. Tusipake mafuta ya kupikia, maana vumbi litanata juu yake na kuwa tope. Kipande cha mshumaa kikisuguliwa kinatosha. Kisha tutazame upande wa nje, chini ya fremu: kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na vumbi, maji ya mvua hujaa katika njia, yakafurika na kumwagikia ndani. Mara nyingi fundi huitwa aje kuziba ufa usiokuwapo, na kumbe njiti moja ingalitosha kuvizibua.

Tuje kwenye mlango wa mbao. Ukikwaruza sakafu, tushike kitasa tuuinue kidogo. Ukiinuka, basi skurubu za bawaba ya juu zimelegea. Tundu likiwa limepanuka, tutie ndani yake njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, tuzikate zilingane na ubao, tuache zikauke, kisha skurubu irudishwe. Ikiwa mlango umevimba kwa mvua, tusikimbilie randa. Ubao utakaporandwa ukiwa umelowa, utasinyaa wakati wa kiangazi na kuacha mwanya wa kuingiza nge na vumbi. Tusubiri ukauke, turande palipobaki kukwaruza tu, kisha tupake rangi au vanishi hata katika ukingo wa juu na wa chini, sehemu ambazo mafundi husahau na ndizo zinazonyonya maji.

Wale waliochukua milango ya mbao kutoka pwani wakaipeleka Kitui wajue kwamba ubao uliozoea hewa ya bahari utapunguka utakapofika nchi kavu. Uachwe kivulini ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa kabla ya kutiwa bawaba. Na kwa kuwa mchwa ni wengi katika ardhi ile, tuwe na desturi ya kuigonga miimo ya mlango kwa kifundo cha kidole. Ikitoa sauti ya uwazi, au kukionekana vijia vya udongo ukutani, fundi aitwe mapema.

Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yasizibwe kwa nailoni, boksi wala matambara. Tukiogopa vumbi na mbu, tuweke wavu mwembamba uliopigiliwa kwa vipande vya mbao, na tuupige brashi kila mwezi. Hewa itapita, na mbu atabaki nje.

Kuna jambo ambalo akina mama hutueleza kwa faragha: dirisha halifunguliwi kwa sababu jirani anaona ndani. Hoja hiyo ni ya haki, kwa kuwa dini yetu imeihifadhi heshima ya nyumba hata ikaamrisha mgeni abishe hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia. Lakini sitara haihitaji kukosa hewa. Sehemu ya chini ya dirisha iwekwe kioo kisichoonyesha, sehemu ya juu ndiyo ifunguliwe, na pazia jepesi litundikwe mbali kidogo na ukuta ili upepo upite nyuma yake.

Jingine ni vyuma vya kuzuia wezi. Nyumba nyingi zimezungushiwa vyuma vilivyochomelewa moja kwa moja katika kila dirisha. Mwizi hawezi kuingia, ila ukizuka moto mlangoni, wenye nyumba nao hawawezi kutoka. Fundi wa kuchomelea aombwe atengeneze, katika kila chumba cha kulala, dirisha moja ambalo vyuma vyake vina bawaba na kufuli upande wa ndani. Ufunguo utundikwe mahali pamoja panapojulikana na kila mtu mzima wa nyumba, pasipofikiwa na mkono wa aliye nje. Na mara moja kwa mwezi kufuli lijaribiwe gizani.

Jamaa zetu walioko Uingereza na Ghuba hutushauri tuweke madirisha ya vioo viwili vyenye nafasi iliyozibwa katikati, yanayozuia baridi na joto. Ni madirisha mazuri, na machache yameanza kuonekana katika nyumba za kifahari. Maradhi yake makubwa ni ukungu ulio katikati ya vioo, usiofutika kwa ndani wala kwa nje: kizibo cha pembeni kimeachia, na unyevu umeingia. Fremu ikiwa nzima, hubadilishwa vioo peke yake. Asikubali mtu kuuziwa dirisha zima. Ama ukungu ulio upande wa ndani wa kioo cha kawaida asubuhi, huo ni mvuke wa pumzi, wa mapishi na wa nguo zilizoanikwa chumbani, na dawa yake ni kufungua dirisha. Kwa nyumba ya Makueni inayoacha madirisha wazi karibu mwaka mzima, tunaona fedha hizo zingefaa zaidi kwa baraza yenye kivuli na mwarobaini upande wa jua la magharibi.

Fundi anapoitwa, bei na vifaa viafikiwe kabla ya kuanza, na awepo mzee au kijana wa nyumba kumpokea, ili mama asiachwe peke yake na mgeni. Kazi ikiisha, kila dirisha na kila mlango ufunguliwe na kufungwa mbele yake kabla ya malipo ya mwisho.

Jioni ya leo, kabla ya Isha, tunawaomba mzunguke nyumba zenu mkajaribu kila dirisha. Mtakalolikuta limeganda, liwe la kwanza kutengenezwa kesho. Na aliye na mzazi au jamaa anayekaa bara kwenye baridi ampigie simu amuulize jiko linalala wapi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.