Habari za Chama cha Mikopo cha Wakulima: Hisani, Watumishi na Haki ya Mwenye Mali

Vyama vya mikopo ya wakulima vya Marekani, vilivyotandaa katika majimbo ya mahindi, ngano na ng'ombe, vina ada ya kuwapelekea wanachama wao habari mara kwa mara, na habari hizo aghalabu huwa za namna mbili. Namna ya kwanza ni ya watumishi: nani ameajiriwa, nani amepandishwa cheo, nani anastaafu baada ya utumishi mrefu. Namna ya pili ni ya jamii: wanafunzi waliosaidiwa karo, kikosi cha zimamoto cha kujitolea kilichonunuliwa vifaa, ndama waliolelewa na vijana na kununuliwa kwa bei ya kutia moyo katika maonyesho ya wilaya. Wako wanaoziona habari hizi kuwa upuuzi wa kujaza kurasa, na wako wanaoziona kuwa ndizo hasa zinazokipambanua chama na benki. Kwa rai yangu makundi yote mawili yamepotea njia mahali pamoja, kwa kuwa yanabishana kama habari hizi ni njema, ilhali swali lenye haki ni kama mwenye mali amepewa habari zote zinazomwezesha kuitunza mali yake.

Mwenye mali ni nani, sheria haikuacha shaka. Tarehe 17 Julai 1916 Rais Woodrow Wilson alitia sahihi sheria ya mikopo ya mashamba, iliyoanzisha benki 12 za ardhi, na chini ya benki hizo vyama vya wakulima wenyewe, ambavyo kila kimoja kilitakiwa kuwa na wakopaji wasiopungua 10 ili kiundwe. Mkulima, ambaye kabla ya hapo alizoea kukopeshwa kwa miaka michache tu na kwa riba iliyopimwa kwa shida yake, sasa aliweza kuliweka shamba rehani na kulipa polepole kwa muda uliofikia miaka 40, na riba isizidi asilimia 6. Ila kwa sharti kwamba anunue hisa za chama chake zenye thamani ya asilimia 5 ya karadha aliyoichukua. Hivyo mtu aliyeingia ofisini kutafuta fedha alitoka akiwa mdaiwa na mmiliki kwa pamoja, mwenye deni la kulipa na kura ya kupiga. Leo sharti hilo limelegea sana, maana kima cha chini cha hisa kwa mujibu wa sheria ni dola 1,000 au asilimia 2 ya mkopo, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Na mkulima aliyekopa dola 500,000 za kununulia ardhi, akaweka hisa ya dola 1,000, ni rahisi mno kusahau kwamba ofisi ile ni yake.

Asili ya vyama vya namna hii iko Ujerumani, na sira ya mwasisi wake mmoja ina funzo kwa wapendao habari za hisani. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijiji katika nchi ya Westerwald, hakuanza na ushirika. Alianza na sadaka. Njaa ilipowatesa watu wake katika majira ya baridi ya mwaka 1846 na 1847, aliwakusanya wenye uwezo wakatoa fedha na dhamana kwa ajili ya mafakiri, na kwa miaka mingi baadaye akaendelea na vyama vya wafadhili. Lakini aliona kwamba ari ya mfadhili hupoa njaa ikipita, na mwaka 1864 akakigeuza chama cha Heddesdorf kuwa cha wakopaji wenyewe, wakidhaminiana kwa mali zao zote, katika eneo dogo ambalo kila mtu alimjua mwenzake, na viongozi wakitumika bila mshahara, isipokuwa mtunza hesabu peke yake. Ushirika wa mikopo vijijini, basi, ulizaliwa pale hisani ilipokiri upungufu wake. Na chama kinachojisifu kwa wingi wa sadaka zake kinajisifu kwa jambo ambalo mwasisi huyu alilijaribu na kulivuka.

Hata hivyo, habari za watumishi zina utetezi wenye nguvu. Kumkopesha mkulima ni kazi ya maarifa ya mtu na ardhi yake: kujua kwamba huyu huchelewa kila mto unapofurika, walakini hulipa baada ya mavuno, na yule hulipa kwa wakati lakini kwa kukopa kwingine. Katika kijiji cha Raiffeisen maarifa hayo yalikuwa ya jirani na jirani. Huko Marekani, vyama vilivyohesabika kwa maelfu katika miaka ya 1930 vimeunganishwa mara kwa mara hata sasa havifiki 100, na kimoja huweza kuenea jimbo zima au zaidi. Kwa hiyo maarifa yaliyokuwa ya kijiji kizima sasa yamo kichwani mwa afisa mmoja wa mikopo, na anapostaafu huondoka nayo. Tangazo la kustaafu kwake, lililoandikwa kana kwamba ni salamu za heri tu, kwa hakika ni habari ya biashara, kwa kuwa sehemu ya dhamana ya chama imetoka mlangoni. Taksiri yake ni kwamba husimulia kuwa bwana yule anapenda uvuvi na wajukuu, lisiseme nani anayarithi mafaili yake, ana mamlaka ya kukopesha kiasi gani, na mwanachama aliyenyimwa mkopo akate rufani kwa nani.

Habari za jamii nazo si za kudharauliwa. Mapato ya mikopo ya vyama hivi inayodhaminiwa kwa ardhi yana msamaha wa kodi ya mapato ya serikali kuu, jambo ambalo mabenki ya kawaida hulilalamikia daima, na ni insafu umma uonyeshwe unachopata kwa msamaha huo. Fauka ya hayo, tangu mwaka 1980 sheria imevitaka vyama viwe na mipango ya kuwahudumia wakulima vijana, wanaoanza na wadogo, kwa sababu chama kisicho na warithi wa mashamba hakitakuwa na wa kumkopesha. Lakini kila dola inayotolewa kwa karo au kwa maonyesho imetoka katika ziada, na ziada ingeweza kupunguza riba, kuongeza akiba, au kurudishwa kwa wanachama kama mgao kwa kadiri ya biashara ya kila mmoja. Anayetoa ni mwanachama, ijapokuwa anayepigwa picha ni mudiri. Ndiyo maana Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, ulipoandika mjini Manchester mwaka 1995 kanuni ya saba, ile ya kuijali jamii, ulifungamanisha wajibu huo na sera zilizoridhiwa na wanachama. Aghalabu kanuni hiyo hunukuliwa nusu tu.

Bei ya kutojua ilionekana katika miaka ya 1980. Sheria ya mwaka 1971 ilikuwa imepandisha kiwango cha mkopo wa ardhi kutoka asilimia 65 hadi 85 ya thamani yake. Bei za ardhi zikapaa katika miaka ya 1970, kisha zikaporomoka, na mwaka 1985 mfumo mzima wa benki na vyama hivi ukapata hasara ya dola bilioni 2.7. Hapo ndipo wakulima wengi walipotambua kwamba hisa waliyokuwa wakiiona kama ada ya mlangoni ilikuwa mtaji uwezao kupotea, na waliokuwa na nafasi ya kukopa kwingine wakahama, wakiwaachia mzigo waliobaki. Bunge liliingilia kati kwa sheria ya mwaka 1987, iliyozilinda hisa za wakopaji, ikafungua mlango wa msaada, na kumpa mkulima aliyekataliwa mkopo haki ya kesi yake kutazamwa upya na kamati yenye mkulima mjumbe wa bodi ndani yake. Benki ya ardhi ya Jackson, jimbo la Mississippi, haikuokoka. Iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 1988.

Mwenye mali kuachwa kando si jambo geni kwetu. Tanzania, ambayo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925 na muungano wa vyama vyao vya ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, ilishuhudia mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikivunjwa kwa amri ya serikali, kisha vikirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mara zote mbili uamuzi ulitoka juu. Leo vyama vya akiba na mikopo vina sheria ya ushirika ya mwaka 2013 na sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, na mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya kupitisha makisio na kuweka ukomo wa madeni. Lakini mamlaka hayo hayana maana ikiwa mwanachama anafika mkutanoni akijua rangi ya madawati yaliyotolewa kwa shule ya msingi, asijue madeni sugu ni kiasi gani, na hesabu zinasomwa haraka huku chakula cha mchana kinangoja.

Basi sitetei kufutwa kwa habari za watumishi wala za hisani, natetea mpangilio. Zitangulie habari za mali: mikopo iliyotoka, iliyochelewa kwa ujumla wake bila kutaja jina la mdaiwa yeyote, ziada na namna ilivyogawanywa. Zifuate habari za kura: nani anagombea bodi, na wangapi walipiga kura mara iliyopita. Kisha watumishi watajwe kwa dhima na mipaka ya madaraka yao pamoja na sifa zao, na kila sadaka iandikwe kiasi chake na mkutano ulioiidhinisha. Viongozi watasema hesabu huwachosha wasomaji. Nami najibu kwamba anayechoshwa na hesabu za fedha yake aghalabu hajawahi kuelezwa kwamba ni yake. Chama kitakachoyafanya haya kinaweza kuendelea kununua ndama wa vijana kwa bei ya juu, na hakuna mwanachama atakayenung'unika, kwa kuwa atakuwa ameamua mwenyewe kuwanunua.